Kabla ya Kuchimba Msingi, Tuwaulize Wazee
(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili, Mollo)



Leo sitaanza na taarifa ya visima. Nitaanza na kosa langu. Katika mradi mmoja niliousimamia tulisawazisha uwanja kwa ajili ya jengo. Katikati palikuwa na kifusi cha udongo mwekundu, tukakiondoa asubuhi moja. Jioni mzee mmoja akaokota jiwe jeusi, zito, akaniambia, "Mwanangu, haya ni mavi ya chuma. Mmevunja ilungu." Nilikuwa na shahada, lakini sikujua nilichokivunja.

Malungu ni matanuru marefu ya udongo, yenye kimo cha mita 3 hivi, ambayo Wafipa waliyatumia kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa. Hayakuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo chini ya tanuru, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika matanuru madogo, vintengwe, ambako mivukuto ilitumika. Ndipo mhunzi akafua majembe.

Kwa majembe hayo bibi zetu walipindua nyasi na udongo kuwa matuta ya mviringo, yaani intumba. Nyasi zikaoza ndani, na msimu uliofuata ardhi ikawa na rutuba ya kulima ulezi. Leo tunafundisha mboji kwenye semina kana kwamba ni jambo geni hapa! Jembe lilitolewa pia kuwa mahari.

Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei nafuu, kazi hiyo ilififia, ikakoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1969 mtafiti J.A.R. Wembah-Rashid aliandika habari za uhunzi wa Ufipa, na baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaufanyia utafiti wa kina. Wasomi wanayajua malungu yetu kuliko vijana wetu.

Ndugu wajumbe, wapo watakaouliza: mtoto akikosa dawa, tanuru litamsaidia nini? Swali hilo ni la haki. Siombi fedha za zahanati ziende kwenye matanuru. Naomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kabla ya kuchimba msingi, kamati izunguke eneo pamoja na wazee. Kikionekana kifusi chenye mavi ya chuma, tusogeze jengo na kumwarifu afisa utamaduni wa wilaya. Na vijana wa usharika wayaandike maelezo ya wazee sasa, wakiwa hai.

Tanuru nililolivunja halitarudi. Yaliyobaki yako mikononi mwenu.