Boma la Mawe la Thimlich Ohinga
(Maneno ya hotuba iliyotolewa Awendo)



Huko Ujerumani viko vijiji vidogo ambavyo zamani kanisa lake la mawe lilizungushiwa ukuta, watu wapate kukimbilia humo adui ajapo. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori lipo boma la Thimlich Ohinga, lililojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake, nyingine zapita mita 4 kwenda juu, hazikutiwa udongo wala chokaa: mawe makubwa nje na ndani, madogo katikati yakiyashika. Mlango ni mfupi; aingiaye sharti ainame, na adui aliyeinama si wa kuogopwa sana! Mwaka 2018 UNESCO ililiandika kuwa urithi wa dunia. Lakini jiwe moja likiondolewa kwa kujengea zizi, upande mzima waweza kuporomoka. Basi amwonaye mtu akibeba mawe hayo, ampashe habari chifu upesi.