Kupima Draiva ya Diski ya Amiga 1200: Kwa Nini Jaribio Lililofaulu Lisiaminiwe Haraka

Mada hii inahusu draiva moja tu, scsi.device, iliyomo kwenye chipu za Kickstart za Amiga 1200. Jina linataja SCSI, ingawa kwenye mashine hii inahudumia diski za IDE. Commodore waliitoa kompyuta hiyo mwaka 1992, wakafilisika 1994. Leo diski zake za awali zimechoka, na wengi huchomeka kadi za CompactFlash za GB 16 au 32. Hapo ndipo balaa huanzia.

Ombi la kusoma au kuandika hutaja mahali pa kuanzia kwa baiti, na hesabu hiyo imepewa biti 32 tu. Mwisho wake ni GB 4, yaani sekta 8,388,608 za baiti 512. Programu ikitaka kuvuka hapo, hesabu hurudi sifuri, na draiva huandika juu ya sekta ya kwanza kabisa. Huko mwanzoni, ndani ya sekta 16 za kwanza, ndiko linakokaa jedwali la mgawanyo wa diski, Rigid Disk Block. Likifutika, mashine ikiwashwa tena haioni hata sehemu moja.

Wapimaji wengi huandika sekta, huisoma papo hapo, kisha hulinganisha. Jaribio hilo halifai kitu. Ombi la kusoma nalo huzunguka vilevile, hivyo unaisoma sekta ileile uliyoiharibu na kukuta kila kitu sawasawa! Njia ninayoisisitiza ni kuandika ndani ya kila sekta namba yake yenyewe, kuanzia mwanzo wa kadi hadi mwisho, na kuanza kusoma baada ya kumaliza kuandika. Sekta 0 ikijitambulisha kwa namba isiyo 0, umeshamkamata mwizi. Kisha kadi ichomolewe, isomwe kwenye kompyuta nyingine yenye draiva tofauti.

Kuna hitilafu ya pili, ndogo lakini sugu. Rejista ya IDE inayobeba idadi ya sekta ina biti 8, na sifuri humaanisha 256. Baadhi ya kadi hazilielewi hilo. Faili dogo hupita salama, kubwa kuliko KB 128 huharibika. Tiba ni kuweka MaxTransfer, kikomo cha data ya ombi moja, iwe 0x1FE00, yaani sekta 255, na kupima kwa faili la MB kadhaa.

Tukija kwenye kiraka cha tatizo la GB 4, mbinu ya TD64 huongeza biti 32 za juu kwa kutumia io_Actual, nafasi ambayo ilikuwa haina kazi wakati wa kutuma ombi. Lakini kurekebisha draiva peke yake hakutoshi, kwa sababu mfumo wa mafaili nao hufanya hesabu hiyohiyo. AmigaOS 3.1.4 ya mwaka 2018 ilirekebisha vyote viwili ndani ya chipu. Asiyebadilisha chipu hutegemea programu ya SetPatch, inayopakia draiva mpya kwenye kumbukumbu na kuiwasha mashine upya.

Ukizima umeme, kiraka hicho hutoweka. Kwa hiyo sehemu ya kuwashia mashine sharti iishie ndani ya GB 4 za kwanza, na zilizo juu yake zisiruhusiwe kufunguka zenyewe. Draiva ya zamani ikizifungua kabla SetPatch haijafanya kazi, ukaguzi wa kawaida wa mafaili waweza kuandika mahali pasipo pake.