Zambia Mbele ya Wakaguzi wa Geneva



Mwaka 1996, na tena mwaka 2002, 2009 na 2016, wajumbe wa Serikali ya Zambia walisafiri hadi Geneva, Uswisi, wakaketi mbele ya wanachama wenzao wa Shirika la Biashara Duniani, wakaulizwa maswali juu ya namna nchi yao inavyonunua na inavyouza. Utaratibu huo wa kukaguana ulikubaliwa huko Montreal mwezi Desemba 1988, katika siku za Mapatano ya Jumla ya Ushuru na Biashara, yaani GATT, na shirika jipya liliurithi lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Kila ukaguzi huandikiwa taarifa mbili: moja na serikali yenyewe, nyingine na Sekretarieti ya shirika. Kisha mataifa mengine huuliza. Kwa nini saruji itozwe hivi na nguo vile? Marufuku hii ya mazao itakwisha lini?

Geneva haitoi hukumu. Mkataba wenyewe watamka kwamba ukaguzi huu haukusudiwi kuwa chombo cha kulazimisha nchi itimize wajibu wake. Hata hivyo, anayedhani kuwa mkaguzi asiye na adhabu haogopwi, huyo hajapata kusimama katika paredi ya ukaguzi. Taarifa hizo husomwa na wakopeshaji na wenye mitaji, na nchi changa yenye madeni yajua hivyo.

Ili kuelewa kilichokuwa kikikaguliwa, yafaa kurudi nyuma. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 iliitegemea shaba kwa zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje. Mwaka 1970 serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilichukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Mapato ya shaba yaliendesha shule, hospitali, viwanda na ruzuku ya unga wa mahindi, na wakati huohuo nchi ilibeba mzigo wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Rhodesia ilipofunga mpaka Januari 1973, Zambia nayo ilishikilia kuufunga kwa upande wake hadi Oktoba 1978, na mizigo ikageuzwa kuelekea Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa ili Zambia isitegemee njia ya Rhodesia. Lakini bei ya shaba ilianguka mwaka 1975. Uzalishaji, uliokuwa umevuka tani 700,000 kwa mwaka, ukaanza kushuka, na deni likapanda.

Ndipo Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti yake. Oktoba 1985 Zambia ilianza kuuza fedha za kigeni kwa mnada, na thamani ya kwacha ikaporomoka. Desemba 1986 ruzuku ya unga uliokobolewa iliondolewa, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa pigo moja. Katika miji ya Mkoa wa Shaba, Kitwe na Ndola ikiwamo, watu walivunja maduka na maghala. Polisi na wanajeshi waliamriwa kurudisha utulivu, na watu wapatao 15 walipoteza maisha. Ruzuku ilirudishwa upesi, na tarehe 1 Mei 1987 Rais Kaunda alivunja mpango ule na kutangaza kwamba Zambia haitalipa madeni zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake ya nje.

Uamuzi huo haukudumu. Juni 1990 bei ya unga iliongezwa tena zaidi ya maradufu, na safari hii moto uliwaka Lusaka kwenyewe. Watu zaidi ya 20 waliuawa. Tarehe 30 Juni, alfajiri, Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika kituo cha redio na kutangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Jaribio hilo lilizimwa kwa muda wa saa chache na wanajeshi watiifu kwa serikali, lakini kabla halijazimwa baadhi ya raia walikuwa wamekwisha kumiminika barabarani wakishangilia. Mwenye cheo chochote katika vyombo vya ulinzi aweza kupima mwenyewe uzito wa jambo hilo: bei iliyopangwa mezani, ikafikishwa dukani na mfanyabiashara, iliishia mikononi mwa askari wa doria ambaye hakuulizwa lolote wakati wa kuipanga, na ambaye mkewe naye alikuwa akinunua unga uleule.

Katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 1991 Bwana Frederick Chiluba alimshinda Rais Kaunda, ambaye aliondoka Ikulu kwa amani. Serikali mpya iliyafanya mageuzi kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika zilithubutu. Leseni za kuingiza bidhaa zilifutwa. Udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa mwaka 1994. Mashirika ya umma yakauzwa. Ushuru wa forodha ukapangwa katika viwango vikuu vinne tu: sifuri, asilimia 5, 15 na 25. Kwa hiyo, wajumbe wa Zambia walipoketi Geneva mwaka 1996 walikuwa na mengi ya kuonyesha, na wenzao hawakuwanyima sifa.

Lakini sifa za Geneva hazikuonekana Kabwe wala Livingstone. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vimelindwa kwa miaka mingi vilikutana ghafula na marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo, ambazo Wazambia huziita salaula na huku kwetu ni mitumba. Mnunuzi wa kipato kidogo alipata shati rahisi, na hilo si jambo dogo. Fundi wa kiwanda alipoteza kazi. Wapo walionufaika, kama vile wakulima wa maua na wa pamba, na mashamba ya miwa ya Nakambala. Hata hivyo, mlango ulifunguliwa wote kwa siku moja wakati viwanda vilikuwa bado na mitambo mikuukuu na mikopo yenye riba ya kutisha. Hilo lilikuwa kosa la mpango, wala halikuwa la wafanyakazi.

Migodi nayo ilikamilika kuuzwa mwaka 2000, uzalishaji ukiwa umeshuka hadi kama tani 250,000. Wanunuzi walipewa mikataba yenye mrabaha wa asilimia 0.6 tu. Miaka michache baadaye bei ya shaba ilipaa, na hazina ikabaki ikitazama. Mwaka 2008 serikali ilifuta mikataba hiyo, ikapandisha mrabaha hadi asilimia 3 na kuweka kodi ya faida ya ghafula; mwaka uliofuata, bei ikiwa imeanguka, kodi hiyo iliondolewa. Hapo ndipo ukaguzi wa mwaka 2009 ulipoikuta.

Kuhusu mahindi, Zambia haikufungua mlango kikamilifu. Katika shirika hilo iliahidi kikomo cha ushuru wa mazao ya kilimo cha asilimia 125, yaani imejiachia nafasi kubwa ya kupandisha. Zaidi ya hayo, kila mavuno yanapokuwa haba, serikali zake hupiga marufuku kuuza mahindi nje, na yanapokuwa mengi huruhusu. Wakaguzi husema kwamba desturi hiyo humvunja moyo mkulima, na wana hoja. Lakini waziri akumbukaye mwaka 1986 na 1990 hawezi kulitazama ghala tupu kwa macho ya mwanauchumi. Matokeo yake huangukia mpakani: bei ikitofautiana kati ya Zambia na Kongo, magunia hutafuta njia za panya kando ya Kasumbalesa, na askari wa zamu hutakiwa kuzuia leo kile ambacho msimu uliopita kilipita kwa hati halali.

Zambia imepakana na nchi nane, wala haina bahari. Desemba 2009 ilifungua pamoja na Zimbabwe kituo cha pamoja cha mpakani huko Chirundu, ambako lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Oktoba 2019 kituo cha namna hiyo kilizinduliwa kati ya Tunduma na Nakonde, ambapo maofisa wa forodha, uhamiaji na polisi wa Tanzania na wa Zambia hufanya kazi chini ya paa moja.