Hotuba Juu ya Mercedes-Benz Zilizotumika: Tuchague ya Mwaka Gani?



Katika mkutano uliopita tuliagizwa tuje tuseme maneno machache juu ya ununuzi wa motokaa zilizokwisha kutumika, na sababu ya agizo hilo mwaijua. Hati tatu za mkopo zimeletwa kwa wakati mmoja, zote za wenzetu watakao kununua Mercedes-Benz ya namna moja, na kila hati yataka wadhamini wawili kutoka miongoni mwetu. Mdhamini atiapo sahihi yake huwa ametia na mshahara wake. Kwa hiyo tumeona afadhali tuseme kwa urefu leo kuliko kunung'unika mwakani.

Wako watakaouliza karani ana haja gani na motokaa ya wakubwa. Swali hilo hatutalijibu, maana mtu mzima ana hiari ya fedha yake, na bei ya motokaa hizo imeshuka hata zauzwa sawa na Toyota ndogo iliyo changa zaidi. Twasema hili tu: iliyoshuka ni bei ya kununulia. Bei ya vipuri haikushuka pamoja nayo.

Motokaa tunayoinena ni ile ambayo Wajerumani waliipa namba 211, yenye taa nne za mviringo usoni. Ilitolewa mwaka wa 2002, na ya mwisho katika zile za abiria wachache ilitengenezwa mwaka wa 2009. Mtu azionaye barabarani hudhani ni motokaa moja, walakini katika miaka hiyo watengenezaji walibadili mambo mawili makubwa, nayo ni breki na injini, wala hawakuyabadili siku moja. Laiti wangeyabadili siku moja, hotuba hii ingekuwa fupi.

Tuanze na breki. Katika motokaa ya kawaida mguu ukikanyaga, husukuma mafuta ya breki moja kwa moja hata magurudumuni. Katika 211 za kwanza haikuwa hivyo. Kanyagio lilipeleka habari kwa umeme, chombo kikaisoma, kisha pampu yenye akiba ya mafuta yaliyoshindiliwa ikabana kila gurudumu kwa kadiri yake. Walioibuni waliiita Sensotronic, na ikiwa nzima hufanya kazi nzuri mno. Lakini pampu hiyo ina karani wake ndani, ahesabuye kila mkanyago. Hesabu ikifika kama 300,000 huandikwa amri mbele ya dereva kwamba motokaa ipelekwe kwa fundi, ijapokuwa pampu yenyewe yaweza kuwa bado yaenda. Na pampu ikishindwa kabisa, mguu wa dereva hubaki na breki za magurudumu ya mbele tu, kanyagio huzama sana, na motokaa huhitaji mwendo mrefu ndipo isimame.

Mwezi wa Mei 2004 kiwanda kiliita motokaa 680,000 zenye breki za namna hiyo zirudi zikaangaliwe, na mwezi wa Machi 2005 kikaita tena motokaa 1,300,000 kwa mambo kadha wa kadha, breki zikiwa mojawapo. Hata ilipofika katikati ya mwaka wa 2006, pale sura ya 211 ilipotengenezwa upya, breki za umeme zikaondolewa na za kawaida zikarudishwa.

Sasa yatupasa tuseme yaliyotupata, kwa kuwa baadhi yenu mlitudhamini. Sisi tulinunua E 240 ya mwaka wa 2004. Siku ya kuijaribu, neno la breki liliandikwa kwa rangi nyekundu mara moja, kisha likafutika. Muuzaji akacheka, akasema, "Ni betri tu hiyo, mzee." Na ubaya wa jibu lake ni kwamba laweza kuwa kweli, maana motokaa hizo za kwanza zina betri mbili, moja nyuma kwenye buti na moja mbele chini ya boneti, na betri ikichoka maneno kama hayo huandikwa. Tukanunua betri mpya, tukatulia. Miezi mitatu baadaye, tukitoka Iringa pamoja na watoto, tukiuteremka mlima wa Kitonga, wekundu ule ukarudi, wala haukufutika. Kanyagio likazama karibu na sakafu. Tulishika gea ndogo, tukakanyaga breki ya akiba kidogo kidogo, tukawa nyuma ya lori lililokuwa likishuka polepole hata tukafika chini. Watoto hawakujua neno lo lote, walikuwa wakila machungwa. Pampu iliyotumika tuliipata kwa mishahara minne, nayo ikaja na hesabu yake mwenyewe ndani, kwa maana ilikuwa imekwisha kukanyagwa katika motokaa nyingine. Katika miezi hiyo ndugu yetu mmoja aliyetudhamini alikatwa mshahara mara mbili. Tumekwisha mrudishia, lakini twamtaka radhi tena hapa mbele ya wote.

Neno moja kwa wenye kupenda kufungua motokaa wenyewe siku ya Jumapili: msifungue breki za 211 za kwanza pasipo mashine ya kuilaza pampu. Pampu ile huamka mlango ukifunguliwa, au kufuli ikiondolewa kwa ufunguo wa mbali, ikabana pedi kwa nguvu zote, na kidole kilichomo humo hakina mdhamini. Lakini kuamka huko kwaweza kumfaa mnunuzi. Simama karibu na boneti, mwambie mwenye motokaa afungue mlango, nawe sikiliza mvumo mfupi. Ukiusikia, hizo ni breki za umeme, hata uambiweje.

Baada ya hayo mtu atasema, basi tununue za baada ya 2006. Hapo ndipo injini inapotuvuruga.

E 240 na E 320 za miaka ya kwanza zina injini ya silinda sita iitwayo M112. Ni injini ngumu, mnyororo wake wa ndani una safu mbili, nasi katika taabu yetu yote hatukuifungua hata siku moja. Lawama yetu kwake ni plagi zake 12, yaani mbili kwa kila silinda, na kuvuja mafuta ya injini kidogo kidogo kwa uzee. Tangu miaka ya 2004 na 2005 ikaanza kuingia injini mpya, M272, katika E 350 na E 280. Ina nguvu zaidi. Ile ya E 280 hutoa nguvu za farasi 231, hali ya E 240 ni 177 tu. Lakini ndani yake mna mtaimbo wa kutuliza mtikisiko, na katika zile za kwanza gea ya mtaimbo huo ilifanywa kwa chuma kisichostahimili. Meno yake huliwa. Yakiisha kuliwa, mnyororo hukosa wakati wake, taa ya injini huwaka, na dawa yake ni kuitoa injini nzima motokaani. Gea yenyewe si ghali sana. Kazi ndiyo iliyo ghali, na mafundi waiwezao si wengi. Chuma hicho kilibadilishwa baadaye, lakini injini za zamani zilikwisha kuingia hata katika baadhi ya motokaa za sura mpya.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyopishana. E 240 ya mwaka wa 2004 ina injini njema na breki za mashaka. E 280 ya mwishoni mwa 2006 ina breki njema, na injini yake yaweza kuwa ya mashaka. E 280 ya mwaka wa 2005 yaweza kuwa na maradhi yote mawili, nayo ndiyo ambayo wauzaji huisifu kuliko zote, maana ni nyepesi barabarani na bei yake ni ya katikati. Twakiri kwamba hata sisi, tukiiendesha, tungeipenda.

Iko pia E 200 Kompressor, ya silinda nne, ambayo wengi huidharau kwa sababu namba yake ni ndogo. Haina mtaimbo ule wa M272, na ya sura mpya ina nguvu za farasi 184, zatosha kabisa kwa mtu mwenye kwenda ofisini na kurudi. Aibu yake ni mnyororo wa safu moja, ambao hulegea, hasa mafuta ya injini yasipobadilishwa kwa wakati. Hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Ukiiwasha ikalia kama mtu atikisaye misumari ndani ya mkebe kwa nukta chache, ndipo ikanyamaza, jua kwamba mnyororo umefika mwisho. Kisha chomoa soketi ya waya iliyo juu ya injini mbele, uangalie kama ina mafuta. Yakiwamo, yameanza kupanda ndani ya waya kwenda kwenye kompyuta yake.

Juu ya mwaka wenyewe, sisi makarani tusidanganywe na makaratasi, maana kazi yetu ni hiyo. Mwaka ulioandikwa katika kadi mara nyingine ni wa kuandikishwa mara ya kwanza, wala si wa kutengenezwa. Iliyotoka kiwandani mwaka wa 2005 ikaandikishwa Japani mwaka wa 2006 itauzwa hapa kama ya 2006, nayo ina breki za umeme. Bampa la mbele nalo hununuliwa, na motokaa ya kale hupewa uso mpya. Vuta mkanda wa kiti hata mwisho wake, utaona kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Tazama na alama ya vioo vyote. Kisha nakili namba ya chesi na namba ya injini kwa mkono wako, usipokee iliyonakiliwa na muuzaji.

Sasa hati zilizo mezani. Ile ya E 200 ya mwaka wa 2008, sisi tu tayari kuwa mdhamini wa kwanza, mnyororo ukiisha kusikilizwa. Ile ya E 240 twaiachia mkutano, kwa sharti kwamba hesabu ya pampu isomwe kwanza na bei ya pampu nyingine iongezwe katika mkopo, ijulikane tangu mwanzo. Hatusemi ikataliwe, maana yetu ingali yaenda na kila siku twaja nayo hapa.

Iliyobaki ni ya E 280, ambayo katika hati imeandikwa "2006" bila mwezi. Mwenye hati yumo humu ndani, hatukumwonya kwamba tutamtaja, naye atuwie radhi. Hatutatia sahihi bado. Siku ya Jumamosi saa mbili asubuhi tutakwenda pamoja naye kwa muuzaji, na fundi mmoja ametukubalia kuja na mashine yake ya kusomea hata adhuhuri. Wanachama wengine wapendao kuja na waje, ila wasivae sare za kazi, bei isije ikapanda.