Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya pili ya mkutano wetu wa mwaka. Mzungumzaji ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na ni mtumishi wa Serikali.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii. Nilipopokea barua yao nilidhani nitaombwa nieleze habari za utumishi wa umma, au niwahimize vijana kusoma kwa bidii. Kumbe nimeombwa kuzungumzia michezo ya kompyuta! Nimeelezwa kwamba klabu ya midahalo ilijadili hoja isemayo kuwa mchezo wa mtu mmoja ni bora kuliko mchezo wa watu wengi, na kwamba ubishi ulikuwa mkali hata kengele ya chakula ikalia pasipo kupatikana mshindi. Basi nimeletwa niwe msuluhishi. Wenzangu wa zamani naona mnacheka. Mnakumbuka nani alikamatwa na kimashine cha gemu chini ya blanketi mwaka 1997. Ndiyo, ni mimi, na ndiyo maana nadhani nina la kusema.

Niruhusuni nianze na historia kwa ufupi. Wengi hufikiri kwamba michezo hii ilianza kama burudani ya mtu mpweke aliyejifungia chumbani. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi uliochezwa kwenye kioo cha chombo cha kupimia umeme, ili kuwachangamsha wageni waliotembelea maabara. Ulichezwa na watu wawili. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, akiwemo Steve Russell, walitunga mchezo wa vita vya angani ulioitwa Spacewar! Nao ulikuwa wa watu wawili. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ikatoa Pong, mchezo wa kupigiana mpira uliowekwa katika mabaa. Huo nao ulitaka watu wawili. Sababu yake ni nyepesi: mitambo ile haikuwa na uwezo wa kuwa mpinzani. Ilijua kusogeza nukta na kuhesabu magoli, lakini akili ya kushindana ilibidi itoke kwa binadamu.

Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa Space Invaders, na sasa mtambo wenyewe ukawa adui, mtu akasimama mbele yake peke yake. Katikati ya miaka ya themanini Alexey Pajitnov, akifanya kazi Moscow, akatunga Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyodondoka. Huo ndio mama wa kile kimashine cha kijivu kilichojaa madukani kwetu miaka ya tisini. Baadaye ikaja intaneti, ikawarudisha watu pamoja, ingawa hawaonani uso kwa uso.

Kwa hiyo, ninyi mliotetea mchezo wa watu wengi, msidhani mmeleta jambo geni. Mmerudi tu kwenye asili. Sisi wenyewe tuna bao: mashimo 32, kete 64, watu wawili, na kundi la watazamaji ambao kila mmoja anajidai kuwa bingwa. Ubao hauwezi kukufunga. Lazima awepo mtu ng'ambo ya pili.

Sasa nije kwangu mwenyewe. Kimashine kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha mwenzetu mmoja wa bweni letu, kijana mwenye kigugumizi. Mlio rika langu mnamkumbuka, ila sitamtaja jina. Darasani aliposimama kujibu swali watu walikuwa wakicheka kabla hajamaliza neno la kwanza, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Naomba radhi kwa hilo, kwa kuchelewa. Yeye alicheza gemu lake kila jioni, kimya, akakosea na kuanza tena, maana mashine haimcheki mtu. Baada ya miezi michache alikuwa na alama ambazo hakuna aliyezifikia. Watu wakaanza kujaa kitandani kwake kumtazama. Akaanza kuwafundisha. Hakuacha kigugumizi, lakini aliacha kuogopa kusema, na muhula uliofuata alichaguliwa kuwa kiongozi wa bweni. Nataka mlikumbuke hilo kabla hamjaniona ninasema vibaya juu ya mchezo wa peke yako.

Mimi nilikuwa nikimwazima kimashine kwa malipo ya kumfulia mashati. Betri zikidhoofika tulizianika juani, kama walivyofanya wazee na betri za redio. Lakini niliucheza mchezo uleule kwa moyo tofauti. Nilichokipenda ni kwamba nikishindwa hakuna aliyejua. Nilibonyeza kitufe, vipande vikaanza kudondoka upya, aibu ikafutika. Betri zikitolewa, alama zote nazo zilipotea. Hapakuwa na shahidi.

Wakati huohuo, pale chini ya mwembe nyuma ya jiko, mpishi wetu mkuu, Mungu amrehemu, alikuwa akicheza bao kila Jumamosi na yeyote aliyetaka. Mimi nilikwenda kila Jumamosi, nikasimama nyuma ya watu. Nilijua sheria zote. Siku moja akainua kichwa akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa ucheze." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, mimi naangalia tu." Akasema, "Marahaba. Lakini anayeangalia tu hafungwi, na asiyefungwa hajui kucheza." Watu wakacheka, nami nikaondoka zangu. Miaka yote niliyokaa shuleni hapa sikukaa kwenye bao lile hata mara moja.

Tabia ile niliondoka nayo. Chuo Kikuu, wenzangu walikuwa wakienda kwenye vibanda vya PlayStation, wakichangia mia mia kucheza mpira, anayefungwa anainuka na mwingine anakaa. Mimi nilibaki chumbani na mchezo wa nyoka kwenye simu. Na hapa nina kichekesho kidogo. Mchezo ule wa nyoka, ulioanza kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, kazi ya mhandisi Taneli Armanto wa Ufini, tangu mwanzo uliwawezesha watu wawili kuelekezeana simu zao na kucheza pamoja kwa mionzi isiyoonekana. Mlango wa kumkaribisha mwenzako ulikuwamo tangu mwanzo, ila wengi wetu hatukuufungua.

Ndugu zangu, hadi hapo mtasema, je, kuna ubaya gani? Mtu ana haki ya kupumzika apendavyo. Kweli. Lakini nisikilizeni.

Nilipokuwa na miaka michache kazini nilipewa kazi ya kuandaa majedwali ya bajeti, na mojawapo lilihusu fedha za madawati ya shule za msingi. Siku nne kabla ya kuyawasilisha niligundua kwamba hesabu haziwiani. Meza ya pili yangu alikaa mwenzangu aliyeyaandaa majedwali hayohayo mwaka uliotangulia. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuza kiti na kusema, "Kaka, nimekwama, hebu nitazamie." Sikusema. Nilifanya nilivyozoea: nikafuta, nikaanza upya, usiku, peke yangu. Nikirekebisha hapa, kunaharibika pale. Usiku wa tatu hesabu zikawiana, nikalala kwa furaha. Kumbe zimewiana kwa sababu nimeziacha nje shule tatu.

Kosa lilipoonekana mwaka wa fedha ulikuwa umekwisha kuanza. Shule zile tatu zikasubiri hadi Julai ya mwaka uliofuata. Nilikwenda kuziona, hakuna aliyenituma. Katika darasa moja niliwakuta watoto wamekaa chini, vitabu juu ya magoti, mwalimu akawaamuru wasimame kunisalimia mgeni kutoka serikalini. Wakasema "Shikamoo" kwa sauti moja. Sijapata kuitikia salamu kwa uzito kama siku ile.

Yule mwenzangu alipoonyeshwa majedwali aliliona kosa kwa muda usiozidi robo saa. Mkuu wangu wa kazi aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na jibu. Nilipewa onyo la maandishi, nami nililistahili. Wala simlaumu mtu mwingine yeyote, na sikilaumu kimashine cha gemu. Gemu halikunifundisha woga. Woga nilikuwa nao tayari. Gemu lilinipa tu mahali pa kuuficha, kwa miaka mingi, hata nikadhani ndio tabia njema. Mficha uchi hazai.

Aliyenitoa huko ni binti yangu. Sasa yuko kidato cha pili. Sikukuu moja binamu zake walikuja nyumbani na PlayStation, wakaniwekea pedi ya kuchezea mkononi kabla sijapata kisingizio. Binti yangu alinifunga magoli sita kwa bila, mbele ya mama yake, shemeji zangu na jirani aliyekuja kuazima ngazi. Nikataka kuinuka. Akanishika mkono akasema, "Baba, kufungwa ni kawaida. Kaa, tucheze nyingine." Nikakaa. Ya pili alinifunga manne. Kila mtu akacheka, nami nikajikuta ninacheka. Dunia haikuanguka. Nikiwa na miaka arobaini ndipo nilipojifunza jambo ambalo yule mzee wa jikoni alitaka kunifundisha nikiwa na miaka kumi na sita.

Basi nitoe uamuzi wangu. Upande wa mchezo wa mtu mmoja nasema hivi: una faida kubwa. Unafundisha subira na utulivu wa akili. Unampa mwenye haya nafasi ya kujaribu bila kuzomewa. Mwanangu mkubwa hujenga majumba na madaraja katika Minecraft, peke yake, na sijamkataza. Lakini humwambia: ukimaliza, niite nione. Mahali pa kujifunzia pasigeuke mahali pa kujifichia.

Upande wa mchezo wa watu wengi nao nasema: si kila kundi ni rafiki. Viko vibanda ambako mchezo umegeuka kamari, na kijana anapoteza nauli ya nyumbani. Kwenye intaneti kuna matusi kutoka kwa watu usiowajua, na kuna mitego ya kukununulisha vitu visivyoshikika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuuingiza ulevi wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, na mwaka 2021 China iliwawekea watoto kikomo cha saa moja tu, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mataifa hayachukui hatua kama hizo kwa mzaha. Na ugonjwa huo haubagui anayecheza peke yake na anayecheza na wenzake.

Ila mkinibana nichague, nachagua mchezo wa wenzako, na hasa wa wenzako mliokaa chumba kimoja, mnaoonana uso. Sichagui hivyo kwa kuwa una raha zaidi. Nachagua hivyo kwa kuwa ndani yake kushindwa kwako kunaonekana, na bado unabakizwa kwenye kiti. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza kwamba hata mfanyakazi mwema hawi, wala mume, wala baba.

Ninyi wadogo zetu, mtakuja kuwa madaktari, wahandisi, walimu, na baadhi yenu mtakalia meza kama yangu. Mtakosea, hilo halina shaka. Siku hiyo kumbukeni madarasa yale matatu. Geuza kiti, mwambie mwenzako, "Nimekwama." Robo saa ya aibu ni nafuu kuliko mwaka mzima wa mtoto kukaa sakafuni.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nimeona kwamba ule mwembe bado upo, na vijana wa jikoni wa sasa wana ubao wao. Jioni hii baada ya chakula nitakaa pale, kwa mara ya kwanza tangu nilipofika shuleni hapa. Sijui kucheza vizuri, na nategemea kufungwa. Karibuni mje mtazame.