Neno la Katibu Kuhusu Diski za Jubilei



Mmeuliza mbona hatupeleki nyimbo zetu kiwandani. Kiwanda huchonga kwanza bamba la kugongea diski, na gharama yake ni ile ile uchukue 10 au 1,000. Ndiyo maana hutaka oda ya mamia. Pesa za sare zingeishia huko! Tutanakili 50 hapa Eldoret kwa kompyuta, na jalada ni karatasi moja iliyokunjwa. Tusiweke MP3, redio nyingi za kina nyanya hazizisomi. Vibandiko vya KECOBO tutanunua. Bila hivyo diski zetu wenyewe zitaonekana za wizi. Anayetaka ya 51 amlipe mweka hazina leo.