Tarehe Mbili Zinazoamua Grafu Inasema Nini

(Maandishi ya mada niliyoitoa kwenye mafunzo ya vijana wetu wanaofanya kazi ya chama mitandaoni. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.)

Nimepewa dakika ishirini baada ya chakula, na mada yenyewe ni lahajedwali, kwa hiyo anayesinzia nitamwelewa. Lakini naomba mnisikilize, maana hizi grafu tunazorusha kila siku ndizo zinatujenga, na ndizo zinatubomoa.

Niseme hoja yangu mapema. Grafu yoyote inayofuata tarehe ina mahali inapoanza na mahali inapoishia. Hizo tarehe mbili ndizo zinazoamua msomaji ataona mlima au ataona mteremko. Ukizificha, mtu ana haki ya kukuita mwongo. Ukiziacha wazi, kila mtu azibadilishe anavyotaka, hoja yako inakuwa ngumu kuiangusha.

Chukua bei ya mafuta, kitu ambacho dereva wa bodaboda hahitaji kuelezwa. Ukianza grafu Januari 2021 ukaishia Agosti 2022, unaona mlima. Ukianza Agosti 2022 ukaishia miezi michache mbele, unaona mteremko. Bei ni zilezile za EWURA, hakuna aliyeghushi. Kijana wa chama tawala atarusha ya pili, wewe utarusha ya kwanza, mtatukanana usiku kucha, na mwananchi ataondoka anasema wanasiasa wote ni walewale. Sasa tujifunze kutoka hapo.

Kwanza, data. EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa mafuta yanayopitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Chagua bandari moja, usichanganye. Fungua lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets, weka safu nne tu: tarehe, petroli, dizeli, chanzo. Kila tangazo mstari mmoja. Usiweke mwaka mmoja safu hii na mwaka mwingine safu ile, usiunganishe seli, usiweke rangi za bendera. Jedwali la kazi linatakiwa kuwa kavu. Urembo utakuja kwenye grafu.

Hiyo safu ya chanzo msiidharau. Andika humo tangazo la mwezi gani, na faili lenyewe lihifadhi. Nitarudi hapo.

Pili, tarehe. Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Kompyuta haijui "Septemba". Inahesabu siku. Kwenye Excel, tarehe 1 Januari 1900 ni siku namba 1, na tarehe 6 Septemba 2023 ni siku namba 45175. Hayo maandishi mnayoyaona ni nguo tu, ndani kuna namba. Ukitaka kuhakikisha, badilisha muundo wa seli uwe wa namba ya kawaida. Ikitokea 45175, uko salama. Ikibaki vilevile ilivyoandikwa, basi hayo ni maneno, na maneno hayapangwi kwa kalenda.

Kuna mtego mbaya zaidi ya huo. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi zimewekwa Kimarekani, zinaanza na mwezi. Ukiandika 06/09/2023 ukimaanisha Septemba 6, inasoma Juni 9. Kwa tarehe kama 25/09 ungeshtuka, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, na kompyuta ingekataa kuigeuza. Lakini fikirini: Jumatano ya kwanza ya mwezi haiwezi kuzidi tarehe 7. Maana yake tarehe zote za EWURA zinageuzika Kimarekani bila kulalamika hata moja! Jedwali zima linapinduka, na grafu inatoka nzuri kabisa, ya uongo. Dawa yake ni kuandika mwaka kwanza: 2023-09-06. Hiyo haina utata. Ukimaliza, tazama kama miezi inafuatana bila kuruka.

Tatu, mhimili wa chini. Bofya grafu, nenda kwenye mipangilio ya mhimili, hakikisha umechagua mhimili wa tarehe na siyo wa maandishi. Kwenye Excel imeandikwa Date axis. Tofauti yake ni nini? Mhimili wa maandishi unapanga nukta kama wanafunzi mstarini, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Ukikosa data ya miezi minne, zile pande mbili zinakutana kama vile hakuna kilichopotea. Mhimili wa tarehe unaacha nafasi inavyostahili. Hata bila data kupotea, nafasi zenyewe hazilingani: kutoka Agosti 2 hadi Septemba 6, 2023 ni siku 35, kutoka Septemba 6 hadi Oktoba 4 ni siku 28. Kuna bei mwananchi anaivumilia wiki tano na nyingine wiki nne. Grafu inatakiwa ionyeshe hilo.

Nne, umbo la mstari. Agosti 2023 bei kikomo ya dizeli kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,935 kwa lita. Tangazo la Septemba likaja na 3,259. Ongezeko la shilingi 324 kwa usiku mmoja. Petroli mwezi huohuo ilitoka 3,199 kwenda 3,213, yaani shilingi 14. Sasa ukichora kawaida, kompyuta inaunganisha nukta hizo kwa mstari wa mshazari, na msomaji anadhani dizeli ilipanda taratibu mwezi mzima. Haikupanda taratibu. Mwenye lori alilala na bei moja akaamka na nyingine.

Rekebisha hivi: kabla ya kila tangazo jipya, ongeza mstari wa siku moja nyuma wenye bei ya zamani. Septemba 5, dizeli 2,935. Septemba 6, dizeli 3,259. Hujadanganya, maana Septemba 5 bei ilikuwa hiyo kweli. Grafu inakuwa ya ngazi, na ile ngazi ya dizeli inaongea yenyewe kuliko maelezo marefu.

Tano, zile tarehe mbili. Kwenye Google Sheets, weka tarehe ya kuanzia kwenye seli F1, ya kuishia kwenye F2. Kisha kwenye H2 andika:

=FILTER(A2:C, A2:A>=F1, A2:A<=F2)

Hapo itatoka orodha ya tarehe zilizo kati ya hizo mbili tu. Chora grafu kutoka kwenye orodha hiyo, siyo kwenye jedwali kubwa, na eneo la grafu lishushe chini zaidi ya data ya sasa ili orodha ikirefuka isikatwe. Ukibadilisha F1, grafu inajichora upya. Ukiongeza tangazo la mwezi ujao chini ya jedwali, linaingia lenyewe.

Unataka mwaka wa fedha wa serikali? F1 andika 2022-07-01, na F2 andika =EDATE(F1,12)-1. Itakupa Juni 30, 2023 bila wewe kuhesabu. Kesho ukitaka mwaka mwingine unagusa seli moja.

Wenye Excel ya zamani isiyo na FILTER, msikate tamaa. Simama ndani ya jedwali, bonyeza Ctrl na T, liwe jedwali rasmi lenye vichujio. Chora grafu. Halafu chuja safu ya tarehe. Mistari iliyofichwa haionekani kwenye grafu, na mistari mipya inaingia yenyewe. Kazi ni ileile.

Makamanda, sehemu ya ufundi imeishia hapo. Sasa siasa yake.

Ukirusha picha ya grafu, rusha na kiungo cha jedwali. Liwe la kusoma tu, asije mtu akachezea namba zako, lakini mwambie atengeneze nakala yake aweke tarehe anazotaka. Na kabla hujarusha, lifanyie wewe mwenyewe. Weka tarehe za adui. Anza pale ambapo yeye angeanza. Kama hoja yako inakufa ukisogeza F1 miezi mitatu, hiyo haikuwa hoja, ilikuwa bahati ya tarehe. Iache. Tafuta inayobaki imesimama. Ile ngazi ya shilingi 324 haijali umeanzia 2021 au 2023, ipo tu.

Tuwe wakweli pia kwenye sababu. Bei ya mafuta inabebwa na soko la dunia, thamani ya shilingi yetu, na kodi na tozo. Vita vya Ukraine vilianza Februari 24, 2022, viweke alama kwenye grafu. Ruzuku ya shilingi bilioni 100 ilianza Juni 1, 2022, iweke alama pia, hata kama inawapendeza wenzetu. Ukiweka alama za pande zote, unapata haki ya kuuliza swali gumu: hapa soko la dunia liliposhuka, kwa nini kwetu hakukushuka kwa kasi ileile? Hilo swali lina uzito kuliko matusi mia.

Na kuna suala la usalama wetu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na za serikali. Kelele zikapigwa ndani na nje, hata Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi, na 2019 kifungu hicho kikaondolewa makali. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado inazungumzia taarifa za uongo, na kijana wa upinzani hasubiriwi akosee mara mbili. Ndiyo maana nilisema safu ya chanzo msiidharau. Siku ukiulizwa namba hii umeitoa wapi, usianze kutafuta kwenye simu. Fungua mstari, onyesha tangazo. Namba ni yao wenyewe, wewe umeipanga kwa tarehe tu.

Mwisho, kuna namba ambazo hakuna ofisi inayozitangaza kwa ajili yetu. Mtaani kwako maji yamekatika siku ngapi mwezi huu? Debe la mahindi sokoni ni shilingi ngapi kila Jumamosi? Kila mmoja hapa aanze jedwali moja leo. Tarehe, namba, chanzo. Andika hata siku ambayo maji yametoka vizuri, maana jedwali la malalamiko peke yake haliaminiki. Miezi sita ijayo, kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti akisema "mbona maji yapo siku hizi", usibishane naye. Mwambie kwa heshima: mzee wangu, taja tarehe mbili unazotaka wewe, tuone.

Anayekwama kwenye fomula anifuate pale nje kwenye kivuli, aje na kompyuta au simu yake.